Njia ya Wanawake Niliyowapa Wanaume

Nimekosa. Naanza na neno hilo mapema, kabla hamjanitafutia kosa jingine, maana nawajua.

Wengi wenu mkishasikia kwamba mimi ni mwanamke wa Kibokoni, Mji wa Kale, mtoto wa watu, na kwamba nina baiskeli ya gia yenye magurudumu manene, na kwamba kila Jumamosi huvuka feri ya Likoni nikaenda zangu mashambani peke yangu, mtasema: "Ehe! Kosa lenyewe ndilo hilo." Silo! Hilo sitaliungama leo wala kesho. Kupanda baiskeli sikukosa. Nilikosa mahali pengine, na ni pabaya zaidi.

Jina langu halina kazi hapa. Jina la kijiji pia sitalitaja. Nimeshakitaja vya kutosha, na mtaona kilichotokea.

Mimi ni mshonaji. Nashona mabuibui kwenye chumba cha chini, mlango watazama uchochoroni. Kutwa nzima nimeinamia cherehani, mgongo wauma, magoti yamekufa ganzi. Nilipoachika, nikanenepa kwa huzuni na kukaa, daktari akaniambia nitembee. Nitembee wapi? Ukitoka mlangoni kwetu, hatua kumi tu umeshasalimia watu saba, na kila mmoja ataka kujua wenda wapi, na nani, na kwa nini saa hii, na eda ulimaliza lini. Nikanunua baiskeli.

Lo! Siku ya kwanza nilipoitoa nje, mngedhani nimetoa simba. Ami yangu, mdogo wake marehemu babangu, alikuwa amekaa barazani na wenziwe wanakunywa kahawa. Akasimama na kikombe mkononi.

"We mwana! Huo mchezo gani? Mwanamke kupanua miguu mbele za watu!"

"Ami, nimevaa suruali, na buibui juu yake. Kilichoonekana ni kipi?"

"Kiburi," akasema. "Kiburi ndicho kilichoonekana."

Kilikuwepo, sikatai. Buibui lile nililishona mwenyewe: nimelipasua pembeni nikatia vishikizo, na ndani suruali nyeusi pana, imebanwa vifundoni isije ikaliwa na mnyororo. Mtu hakuona hata ukucha! Walioona miguu yangu waliiona vichwani mwao, na vichwa vyao sikuvishona mimi.

Na wanaume wa baiskeli nao! Kuna kundi lao, hukutana kule ufukweni Mama Ngina kila Jumapili asubuhi, wamevaa helmeti na miwani na nguo za kubana mpaka huruma. Hao miguu yao haimkeri Ami hata kidogo. Mkubwa wao ni Mhindi mmoja muungwana mwenye duka la spea za baiskeli, sote twamwita Bhai. Nilimwendea dukani kwake nikamwomba niwe natoka nao.

"Dada, mimi sina neno," akasema, huku apanga mipira ya magurudumu asinitazame usoni. "Lakini wenzangu wataona haya. Halafu sisi twaenda mbio, njia mbaya. Wewe utachoka."

Nitachoka! Mimi niliyemzika mama, nikamzika baba, nikaachwa, na siku ya tatu nikafungua cherehani kwa sababu bibi harusi alikuwa angojea nguo yake! Nilimshukuru Bhai, nikanunua mnyororo wa akiba, nikatoka zangu.

Basi nikawa naenda peke yangu, na ndivyo nilivyompata Bi Mwanasha.

Mnyororo ulikatika kwenye njia ya mchanga, katikati ya mashamba ya muhogo. Niliinama kuutazama kama niujuaye, kumbe wa akiba ninao na kuutia sijui. Nikasikia mtu acheka. Mama mmoja wa makamo ya bibi yangu, kanga kiunoni, jembe begani, acheka mpaka ashika mbavu.

"Wee! Chombo kimekufa? Mazishi ni saa ngapi?"

"Shikamoo, mama. Mnyororo umekatika."

"Marahaba. Kilaze hapo kivulini, nawe njoo ushike jembe. Utakaa watazama chuma mpaka kiote?"

Nikashika jembe, na buibui langu, na viatu vyangu vya Mombasa. Tulipanda matuta mawili ndipo akaniuliza jina. Wallahi nilirudi nyumbani jioni ile nikiikokota baiskeli, nimechafuka mpaka kope, na nilikuwa nimefurahi kuliko siku yoyote tangu talaka.

Kuanzia hapo ikawa kila Jumamosi. Nishike feri, nivuke na watu na mikokoteni, niache lami, nipande vilima vya mikorosho, niteremke kwenye mahindi, mpaka kwa Bi Mwanasha. Hakunikaribisha hata siku moja! Alinitukana. "Umefika, ewe mvivu? Muhogo huo wangojea mikono yangu?" Nikikaa juu ya mbuzi nikune nazi, atasema nakuna kama mgonjwa. Nikitia chumvi, atasema mpumbavu wewe, wataka kutuua.

Mamangu alikufa nikiwa na miaka tisa. Tangu siku hiyo watu wamenisema, wamenihurumia, wamenishauri, lakini hakuna aliyenitukana kwa sauti ile ya mtu ambaye hafikirii hata kidogo kwamba unaweza kuondoka usirudi. Nilikuwa nampenda. Naliandika hilo wazi ili mjue nimepoteza nini.

Sasa nije kwenye njia.

Nyuma ya nyumba yake kulikuwa na kijia kinateremka baina ya mikorosho mpaka bondeni, kwenye kisima. Siku moja ya jua kali akaniambia, "Teremka ukaoge na wenzio. Ila pita hapa, usizunguke kule kwa wanaume." Kile kijia ni cha wanawake. Hakuna kibao, hakuna ua, lakini kijijini hapo hakuna asiyejua. Mwanamume akiwa na dharura ya kupita husimama juu, kwenye mkorosho wa mwisho, akaita "Hodi njia!" mara tatu, na asiteremke mpaka aitikiwe. Akiambiwa angoje, atangoja. Akiambiwa azunguke, atazunguka. Hata imamu wao huita. Hata mume wa Bi Mwanasha, alipokuwa hai, alikuwa akiita, na kisima alikichimba yeye!

Kule chini, jamani! Wanawake wanafua, wanaosha nywele, wanasuguana migongo, wanasema waume zao mpaka ungewahurumia waume. Mishi, mke wa mtoto wa Bi Mwanasha, msichana mwenye sauti, alikuwa akiimba huku avuta ndoo. Nilivua buibui nikavua na mtandio. Upepo ukanipiga shingoni. Mtu mzima mimi, na nilikuwa sijawahi kupigwa na upepo shingoni nje ya nyumba tangu nivunje ungo. Nikalia, nikajimwagia maji wasijue.

Na njia yenyewe, kwa baiskeli, ilikuwa tamu ajabu. Mteremko mkali, mizizi mkono wa kushoto, kona, kisha mchanga ambao usipofunga breki mapema wakutia kisimani. Nilianza kuiteremka kwa baiskeli, na wao kule chini wanipigia vigelegele. Bi Mwanasha aliona, akatikisa kichwa.

"Utavunjika shingo, nami sina nafasi ya kukuuguza. Haya, njia ni yako, pita utakavyo."

Njia ni yako. Alikuwa amwambia mwanamke mwenziwe. Msinisaidie kwa kusema labda sikuelewa. Nilielewa vizuri sana.

Mwajua zile programu za simu zinazochora njia uliyopita na baiskeli? Unatoka mlangoni, simu mfukoni, ukirudi wakuta mstari mzima, na unaweza kuwawekea wengine waufuate. Kundi la Bhai walikuwa wakishindana humo. Nami nikajiunga. Nikajiita Fundi Gia. Sikusema uongo, mimi ni fundi kweli. Wao wenyewe ndio waliofikiria nina ndevu!

Nikaweka njia yangu moja, ya mahindi. Wakaisifu. Nikaweka ya pili. "Huyu jamaa ni hatari!" mmoja akaandika. "Fundi, wewe mwamba." Bhai mwenyewe aliandika, "Ndugu Fundi, siku moja utuongoze." Bhai, yule aliyeniambia nitachoka! Nilikuwa nikisoma maneno hayo nimekaa kwenye cherehani, sindano mdomoni, nacheka peke yangu. Sifa ni tamu, tusidanganyane. Na mtu aliyenyimwa sifa akiwa na sura yake, akizipata chini ya sura nyingine, azila kwa pupa.

Kisha siku moja mmoja wao akaandika: "Njia za Fundi nzuri, lakini rahisi. Hata mke wangu atapita."

Hata mke wangu! Damu ilinipanda. Nikasukuma kitambaa kando. Nikaitoa ile njia ya kisimani, niliyokuwa nimeiweka kwangu tu, nikaifungua kwa watu wote.

Programu ile ina nafasi ya kuandika maelezo. Nikaandika: mteremko mkali. Nikaandika: mizizi kushoto. Nikaandika: funga breki kabla ya mchanga. Halafu kidole kikasimama.

Nilijua kilichobaki. Kilichobaki ni "hodi njia". Herufi nane! Lakini nikiandika simameni juu mwite, kwa sababu chini wanawake wanaoga, watauliza: na wewe Fundi wajuaje kulivyo kule chini? Wewe wapitaje? Watajua ni mwanamke. Na Fundi Gia atakufa siku hiyo hiyo, na mimi nitarudi kuwa dada atakayechoka.

Sikuandika. Hilo ndilo kosa langu, lote. Sikusahau na sikupitiwa. Nilipima jina langu la uongo na haya ya wanawake walionivua buibui nikawa mtu, nikachagua jina. Nikabonyeza, nikarudi kushona.

Jumapili yake walipita wanaume sita.

Mimi sikuwako. Nilisikia Jumamosi iliyofuata, tena kwa kinywa cha Bi Mwanasha mwenyewe. Nilipofika hakunitukana. Alikuwa amekaa jamvini amenya muhogo, akanisogezea kisu cha pili. Nikakaa nikamenya.

"Wametuingilia, mwanangu," akasema.

Akanieleza. Mishi alikuwa na povu kichwani, kanga moja kifuani. Wengine walikuwa nusu nusu. Wakasikia kishindo juu, wakadhani ni ng'ombe aliyekatika kamba. Kumbe ni watu, na vichwa vya helmeti, mmoja nyuma ya mwingine, wateremka kwa kasi. Wanawake wakakimbilia vichakani, kamba ikatumbukia kisimani na ndoo yake. Wale wanaume nao walishtuka, mmoja alisema "samahani, mama," lakini hawakugeuka! Walipita papo hapo, juu ya nguo zilizoanikwa, wakaenda zao.

Na mmoja alikuwa na kamera kofiani. Akaiweka ile picha ya video mtandaoni, watu waone mteremko. Mishi yuwaonekana humo kwa muda wa kuvuta pumzi moja. Mumewe hutengeneza boti Liwatoni. Mwenziwe kazini akamwonyesha simu: "Hapa si kwenu hapa?" Yule bwana hakupiga mtu wala hakuacha mke. Alirudi nyumbani, akaacha chakula kikapoa, kisha akamwambia Mishi asiende tena kisimani. Na waume wengine wakasema hivyo hivyo, na akina baba nao. Wiki moja tu kisima kikafa.

"Walijuaje njia?" nikauliza.

Niliuliza! Ulimi wangu mwenyewe!

"Huko kazini kwa mumewe Mishi wasema mwenzao mmoja ndiye aliyewaonyesha. Fundi, sijui Fundi nani." Akaweka kisu chini, akainua viganja. "Mtu huyu ana mama kweli? Mwenyezi Mungu amwonyeshe alichotuonyesha sisi."

"Amin," nikasema.

Nisomeeni hapo mara mbili. Niliapizwa mbele ya uso wangu na mtu ninayempenda, na mimi nikaitikia amin, muhogo wake mkononi. Kisha nikaendelea kumenya.

Jioni ile niliifuta njia kwenye simu. Haikusaidia. Wale sita walikuwa nayo, wamewapa wengine, na wengine wamewapa wengine. Na bado nikaenda Jumamosi ya pili, na ya tatu, nakuna nazi, nasikiliza wamlaani Fundi, naguna pamoja nao. Huwa najiuliza ningeendelea mpaka lini. Sijui. Naogopa kwamba ningeendelea mpaka leo.

Jumamosi ile ya tatu, Mishi alitoka ndani na simu. Alikuwa haimbi tena. Akachutama mbele yangu.

"Dada, ile njia nimeitafuta nikaipata kwa mtu. Hebu tazama." Akaweka kidole kwenye kisima, akaanza kukirudisha nyuma polepole. Shamba la muhogo. Vilima. Barabara ya lami. Likoni. Maji. Mama Ngina. Ngome. Kisha vichochoro, kidole chaingia, chakata kona, kikasimama. "Mstari huu waanza mlangoni kwa nani?"

Sikuwa nimefikiria hilo! Kila njia niliyoweka nilianzia nyumbani, na simu ilikuwa imechora mpaka kizingiti changu.

Bi Mwanasha aliacha kukuna nazi. "Kibokoni kwenu," akauliza, "wako wangapi wenye chuma kama hiki?"

"Mmoja," nikasema.

Hakupiga kelele. Laiti angepiga! Aliinuka, akaja akanitoa kisu mkononi, taratibu, akaniondolea na sinia la muhogo pajani. Akaingia ndani. Alipotoka alikuwa na kiti cha plastiki, kile cha wageni. Akakipangusa kwa ncha ya kanga, akakiweka kivulini.

"Karibu kiti, mama."

Mama! Mimi niliyekuwa mpumbavu, mvivu, mwanangu! Nikakaa. Akaniletea chai kwenye kikombe cha maua na kisahani chake. Nilitaka kuinuka nimpokee, akanizuia kwa mkono. "Kaa, mama, usijisumbue. Wewe mgeni wetu."

Nilianguka chini nikamshika miguu. Nikamwambia yote: jina, sifa, herufi nane, amin. Nililia mpaka sauti ikakatika. Akanisikiliza mpaka mwisho, akaniinua, akanirudisha kitini.

"Nimekusamehe, mama, duniani na akhera. Sina neno nawe. Kunywa chai isipoe." Kisha akauliza, "Na huko mjini, wote wazima? Ami yako hajambo?"

Asiye mtu wa pwani atasema: sasa wewe walilia nini, si umesamehewa na chai juu? Wa pwani wamenielewa. Nilikunywa chai ile yote, nikashukuru, nikaaga kama wanavyoaga wageni, naye akanisindikiza mpaka njiani.

Jumapili nikaenda Mama Ngina, mapema, kabla hawajaondoka. Walikuwa wanajaza upepo magurudumu. Nikasimama katikati yao na baiskeli yangu na buibui langu.

"Fundi Gia ni mimi," nikasema.

Bhai alivua miwani. Wawili wakacheka, wakidhani natania, mpaka nikawatajia kila njia na kila kona. Kisha mmoja akasema, "Basi ndio matatizo ya mwanamke kujitia humu."

Hapo nililipuka! "Ndugu yangu, waliopita kisimani ni wanaume sita. Mwanamke alikuwa mmoja, na hakuwako. Kosa langu nimelileta hapa kwa mikono yangu miwili, wala sikuja mnisaidie kulibeba. Lakini nyinyi mlipowaona wale akina mama wakikimbia, breki zenu zilikuwa zimekufa zote sita? Na aliyekwenda nyumbani akaitazama ile video, akaona alichokiona, akaiweka hivyo hivyo, yeye alinyang'anywa macho na nani?"

Bhai akasema, "Asema kweli." Mwenye kamera aliifuta video pale pale. Nilimwambia hiyo haitoshi, aende kwa mumewe Mishi akaombe radhi. Alikwenda. Sikuambiwa walizungumza nini.

Nyumbani Ami alikuwa angojea barazani. Habari zafika Mji wa Kale kabla yako.

"Nilikwambia!" akasema. "Nilikwambia mimi!"

"Hukuniambia, Ami. Wewe uliniambia habari za miguu. Miguu haikukosa kitu." Nikamwonyesha kidole. "Kilichokosa ni hiki. Ungeniambia habari za hiki, leo ningekubusu mkono."

Akamimina kahawa, na kwa mara ya kwanza akanimiminia na mimi.

Tangu hapo wote waniambia niiuze baiskeli. Wateja, jirani, hata shoga zangu. Ati nikiiuza, Mungu atajua nimetubu. Siiuzi! Nikiiuza, kila anayesema kwamba kosa lilikuwa ni mwanamke kutoka nje atalala usingizi mzuri, na wanawake wa kile kisima hawatapata hata tone. Wao hawakuingiliwa na baiskeli yangu. Waliingiliwa kwa sababu mwenzao aliona haya kujulikana kuwa mwenzao.

Ninachofanya sasa ni hiki. Jumamosi na Jumapili, asubuhi, navuka Likoni, napanda vilima vile vile, nafika kwenye mkorosho wa mwisho. Naiweka baiskeli kukingama njia, nasimama. Sikumwomba mtu ruhusa na sikutumwa na mtu. Wapo bado wanaokuja, na ile njia simuni mwao, wengine wametoka mbali.

"Dada, tupishe. Njia yapita hapa," wakaniambia wawili mwezi uliopita.

"Haipiti."

"Simu yasema yapita."

"Simu haikuambiwa yote."

"Kwani hii njia ni yako?"

"Ilikuwa," nikasema. Wakanitazama, wakatazamana, wakageuza.

Wanawake hawajarudi kisimani. Nisiwadanganye, sina habari hiyo njema ya kuwapa. Wachota maji bombani, mbele ya duka, barabarani, wamejifunika, foleni, na wanaume wa dukani wawatazama. Hakuna anayeosha nywele pale. Mishi hupita na ndoo yake, hunisalimia kwa adabu, na sijamsikia akiimba. Majani yameota kwenye mdomo wa kisima.

Bi Mwanasha naye hupita. "Hujambo, mama?" "Sijambo, mama. Shikamoo." "Marahaba. Poleni na jua." Kisha huenda zake na ndoo kichwani, na umri ule, mwendo ule wote, na mimi siruhusiwi kumpokea kwa sababu mgeni hapokei ndoo. Nimejaribu mara moja. Alinishukuru sana, akakataa.

Basi nyinyi mnaosoma, na hasa nyinyi wanawake wenzangu ambao mmepewa mahali pa kupumua na wanawake wengine: mahali hapo si penu kuwapa watu, hata mkiambiwa ni penu. Msipaonyeshe mupate kusifiwa. Msipapige picha. Na ukiwa umejificha nyuma ya jina la mwanamume ili uheshimiwe, jua siku moja utatakiwa uchague, na uchaguzi utakukuta una haraka, umekasirika, na kidole kiko juu ya kitufe. Mimi nilichagua vibaya. Usiseme hukuambiwa.

Na nyinyi wanaume wenye magurudumu manene: mashamba ya ng'ambo ni mapana, vilima ni vingi, nami nazijua njia thelathini nzuri kuliko ile, nitawaonyesha bure mkiniomba kwa jina langu, nikiwa mbele na nyinyi nyuma. Lakini ile moja, hapana. Jumapili hii nitakuwa pale juu, na ile ijayo, na mvua ikinyesha pia. Msije.